Silinda namba tatu: Corolla iliyopoteza kompresheni baada ya ovaholi

Gari ni Toyota Corolla AE111, injini 4A-FE ya silinda nne na vali kumi na sita, cc 1587. Injini ilishushwa na kufunguliwa yote kwa sababu ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu kila asubuhi. Bloku ikachongwa, zikawekwa pistoni za oversaizi 0.50, yaani kubwa kuliko za mwanzo kwa nusu milimita, ringi mpya na beringi mpya. Hedi, yaani kichwa cha injini, ikaskimiwa ili uso wake uwe sawa, vali zote zikasagwa na siti zake, pale vali zinapolala zikifunga, zikakatwa upya. Gari likatoka gereji likiwa zuri. Mwenyewe, mzee mmoja mstaafu, anasema wiki za mwanzo lilivuta vizuri na injini ilikuwa kimya mpaka akawasifia waliolifunga. Huo ukimya naomba msomaji auweke akilini.

Baadaye likaanza kumisi, yaani kukosa mapigo, kwenye sailensa, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Mwanzoni lilimisi likishapata moto tu, ukikanyaga mafuta linatulia. Kisha likawa linamisi hata asubuhi, na kwenye mlima ambao lilikuwa linaupanda kwa gia ya tatu likaanza kudai ya pili. Aliporudi kwa mafundi akaambiwa ringi hazijakaa, aendeshe kilomita elfu moja zitakaa zenyewe. Akaendesha. Alipokwenda tena akaambiwa gasketi ya hedi imekatika kati ya silinda ya pili na ya tatu, injini ifunguliwe upya na gasketi anunue yeye. Ndipo akalileta kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, leo sitaki injini ifunguliwe. Nataka kwanza nijue imekufa nini."

Ni ombi la haki kabisa, na kwa kweli wateja wengi wangeliomba hilo wangeokoa fedha nyingi. Injini iliyotoka kufunguliwa ina faida moja ambayo injini chakavu haina: kila kilichoguswa kinajulikana. Nikamwomba risiti zote. Alikuwa nazo kwenye bahasha, zimepangwa. Ya karakana ya mashine ilisema kuchonga bloku, kuskimu hedi, kusaga vali 16. Za dukani zilikuwa za pistoni, ringi, beringi, seti ya gasketi, oili sili, taimingi belti, chujio na oili. Nikazisoma, nikazirudisha kwenye bahasha, tukaenda kwenye gari.

Kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ni kazi ndogo ambayo watu huiharibu kwa haraka. Injini iwe na moto wa kazi, plagi zote nne zitolewe, si moja moja, na throto, mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli ya mafuta, ikanyagwe mpaka mwisho ili hewa iingie bila kizuizi. Betri iwe na nguvu, kwa sababu stata ikizunguka kwa uvivu kila silinda itasoma chini na utamlaumu asiyehusika. Kwenye 4A-FE unachomoa pia soketi ya distribyuta ili isipige moto wala kumwaga petroli. Vitabu vya Toyota kwa injini hii vinataka psi (pauni kwa inchi ya mraba) 191, au kilo 13.5 kwa sentimita ya mraba. Chini ya psi 142 silinda ina ugonjwa, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Watu wengi hukariri ile 142 na kuisahau hiyo 14, wakati yenyewe ndiyo inayosema zaidi. Injini yenye 150 kote nne itatembea kwa utulivu. Yenye 190 tatu na 150 moja itakutikisa.

Injini ikiwa ya moto, mara tu baada ya kuzimwa, geji ilisoma 178, 175, 88, 180. Gari likalala gereji. Asubuhi, likiwa baridi kabisa, ikasoma 170, 168, 118, 172.

Hapo pana mambo mawili. La kwanza, tatu ziko sawa na moja imeanguka. Hilo linaiondoa mezani taimingi, yaani wakati wa vali kufunguka na kufunga. Belti ikiwa imeruka jino, au gia za kamshafti, mihimili yenye kamu zinazozibonyeza vali, zikiwa zimekosewa alama, silinda zote nne zinashuka pamoja, kwa sababu kamshafti ni zile zile zinazozihudumia zote. La pili ndilo lililonivutia zaidi. Silinda tatu zilizo nzima zilipanda kidogo zilipopata moto, kama inavyotakiwa. Ile ya tatu ilikwenda kinyume, ikashuka kutoka 118 hadi 88. Ringi mbovu kwa kawaida hazifanyi hivyo. Injini ikipata moto pistoni inatanuka, oili inaenea, na ringi iliyochoka huwa inajikongoja kupanda. Kitu kinachovujisha zaidi kwa sababu ya joto ni kitu kinachorefuka au kupinda kwa joto, na ndani ya silinda chenye tabia hiyo kuliko vyote ni vali ya eksozi, ile inayotoa moshi.

Lakini dhana si kipimo. Nikamimina oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi la silinda ya tatu, nikapiga stata mara chache ili isambae, nikapima tena. Kutoka 118 ikafika 124. Ringi zingekuwa ndizo zinazovujisha, oili ingeziba nafasi yake na geji ingeruka juu, pengine psi 40 au zaidi. Kipimo hiki kina mtego wake kwenye injini mpya: kama imefungwa jana na kuta za silinda bado zimejaa oili ya kufungia, oili unayoongeza haibadilishi kitu hata kama ringi zimewekwa kichwa chini. Hii ilikuwa imeshatembea zaidi ya kilomita elfu, kwa hiyo jibu lake nililiamini.

Kisha nikarudisha plagi, nikawasha, nikashika kipande cha karatasi nyepesi mbele ya bomba la eksozi. Injini ikiwa nzima karatasi inasukumwa nje muda wote. Hii ilisukumwa, sukumwa, kisha ikavutwa ndani kidogo, kisha ikasukumwa tena, kwa mpangilio ule ule. Silinda ambayo vali yake ya eksozi haifungi inavuta pumzi kutoka kwenye manifodi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, pistoni inaposhuka. Ni kipimo cha zamani, hakihitaji hata shilingi, na kinashangaza jinsi kinavyosema kweli. Mzee alikishika mwenyewe mara ya pili ili ahakikishe.

Baada ya hapo nikaleta kompresa na geji mbili za kupimia uvujaji. Geji moja inaonyesha hewa inayoingia, nyingine inaonyesha inayobaki ndani ya silinda, na tofauti yake ndiyo asilimia ya uvujaji. Pistoni ya silinda unayopima lazima iwe juu kabisa kwenye mgandamizo, vali zake zote zikiwa zimefunga. Mpangilio wa moto wa 4A-FE ni 1-3-4-2, kwa hiyo ukishaiweka silinda ya kwanza juu, zungusha krankshafti nusu mzunguko na ya tatu inakuwa tayari. Silinda ya kwanza ilivuja asilimia 12, ya pili 14, ya nne 11. Ya tatu ilivuja 62.

Hewa inayovuja inapiga kelele, na mahali inapotokea ndipo penye ugonjwa. Ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au ukuta wa silinda. Ikitokea kwenye throto, ni vali ya kuingiza. Ikipiga mapovu kwenye rejeta, ni gasketi au ufa. Ikitokea kwenye eksozi, ni vali ya eksozi. Mdomo wa oili ulikuwa na pumzi ndogo tu, rejeta ilikuwa imetulia, throto kimya. Nyuma kwenye bomba nilivika mfuko wa plastiki ukajaa mpaka ukanyooka.

Nikajua pia kwa nini mafundi wa mwanzo walisema gasketi. Plagi zote zilikuwa zimetolewa, na ukitega sikio kwenye tundu la silinda ya pili, wakati hewa inaingizwa ya tatu, unasikia inapumua. Silinda hizo zimepakana. Mtu yeyote atasema hewa imepita katikati yake, na ukuta pekee kati yake ni gasketi. Mimi nikaweka mkono kwenye tundu la silinda ya kwanza, na huko hewa ilikuwa inatoka kwa nguvu zaidi kuliko ya pili. Ya kwanza na ya tatu hazipakani. Gasketi haiwezi kuipeleka hewa kutoka ya tatu hadi ya kwanza na kuiruka ya pili.

Kinachotokea ni hiki. Wakati silinda ya tatu iko juu kwenye mgandamizo, ya kwanza iko chini imemaliza kazi yake na vali zake za eksozi zimeshaanza kufunguka. Ya pili iko juu, inamaliza kutoa moshi na kuanza kuvuta, kwa hiyo vali zake za eksozi na za kuingiza zote ziko wazi kidogo. Hewa inayotoroka kupitia vali ya eksozi ya silinda ya tatu inaingia kwenye manifodi, na kutoka humo inachagua njia: nyingine inakwenda nyuma kwenye bomba, nyingine inarudi juu kupitia vali zilizo wazi za silinda ya kwanza na ya pili, ikatokea kwenye matundu ya plagi. Nikafunga plagi ya kwanza na ya pili, na mfuko kule nyuma ukajaa haraka zaidi. Mwenye kupima kwa njia hii asipokumbuka majirani wa silinda yake wako kwenye hatua gani, atanunua gasketi nyingi.

Ilibaki kujua kwa nini vali haifungi. Inaweza kuwa imepinda, imeungua, ina kaboni iliyokwama kwenye siti, au kuna kitu kinaizuia kurudi. Kupinda nilikutilia shaka tangu mwanzo, kwa sababu kwenye 4A-FE vali na pistoni hazigongani hata belti ikikatika. Nikafungua kava ya vali.

Injini hii haina tapeti (kipande kilicho kati ya kamu na vali) za kujirekebisha wala skrubu ya kukazia. Juu ya kila shina la vali kuna kikombe, na juu ya kikombe kumewekwa shimu ya duara, kipande cha chuma kigumu ambacho kamu inakisugua moja kwa moja. Unene wa shimu ndio unaoamua nafasi kati yake na kamu. Injini ikiwa baridi, vali ya kuingiza inatakiwa iwe na milimita 0.15 hadi 0.25, na ya eksozi 0.25 hadi 0.35. Eksozi inapewa nafasi kubwa kwa sababu inakaa kwenye moto na shina lake linarefuka zaidi.

Nikazungusha injini kwa mkono mpaka kamu za silinda ya tatu zikatazama juu, nikachukua fila geji, seti ya majani ya chuma ya kupimia nafasi ndogo. Ya 0.25 haikuingia. Ya 0.10 haikuingia. Nikashuka mpaka jani jembamba kuliko yote kwenye seti, 0.03, linalopinda ukilishika vibaya. Kwenye vali moja ya eksozi liligonga ukingo wa shimu na kugoma. Nikajaribu kuizungusha shimu kwa ncha ya kidole kupitia ule mwanya wa kikombe. Shimu yenye nafasi inazunguka kwa urahisi. Hii ilikuwa imebanwa na kamu, haitikisiki. Vali ya eksozi ya pili yake ilikuwa na 0.06.

Nikapima zote kumi na sita. Eksozi za silinda nyingine zilikuwa kati ya 0.09 na 0.17. Za kuingiza nyingi zilikuwa kati ya 0.08 na 0.14, isipokuwa moja kwenye silinda ya nne iliyokuwa na 0.33. Moja iliyolegea kati ya kumi na tano zilizobana maana yake ni kwamba shimu na vikombe vilichanganywa wakati wa kufungua. Vilitiwa kwenye sufuria moja la mafuta ya kuoshea, vikarudishwa kwa bahati.

Basi huo ndio ukimya mzee aliousifia: vali zisizo na nafasi hazigongi. Mafundi wa zamani wana usemi kwamba tapeti inayopiga kelele haiui injini, ya kuogopa ni iliyonyamaza. Nilipomwambia alicheka, lakini si kicheko cha furaha.

Ukisaga uso wa vali na kukata siti yake, vali inazama zaidi ndani ya hedi. Kiasi inachozama upande wa moto, ndicho kiasi shina linachopanda upande wa kamu, likiinua kikombe na shimu yake. Nafasi iliyokuwepo inaliwa. Kuskimu hedi hakuna hatia hapa, kwa sababu kamshafti, vali na siti vyote vimo ndani ya hedi hiyo hiyo na vinahama pamoja. Kosa liko kwenye kusaga bila kupima upya. Na risiti zilishalisema hilo mapema: vali 16 zilisagwa, shimu hata moja haikununuliwa. Haiwezekani vali kumi na sita zisagwe na shimu zote za zamani ziendelee kufaa.

Injini ilipofungwa, vali ile pengine ilikuwa na nafasi ya kama unywele, ndiyo maana ilianza vizuri. Siti iliyokatwa upya inaendelea kukaa kidogo siku za mwanzo, na nafasi ikaisha. Kuanzia hapo, kila injini ilipopata moto, shina lilirefuka likakuta kamu imesimama juu yake, na vali ikabaki imeachama kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Vali ya eksozi inajipoza kwa kulala kwenye siti. Sehemu kubwa ya joto lake inapita hapo kwenda kwenye hedi na maji. Ikinyimwa kulala, haipozwi, na moto wa silinda unapita kwenye upenyo ule kila mara mafuta yanapowaka. Ndivyo ugonjwa wa "likiwa la moto tu" ulivyogeuka kuwa wa asubuhi na jioni.

Kabla sijaomba ruhusa ya kushusha hedi nilitaka kujua ni kiasi gani cha uvujaji kinatokana na kubanwa na kiasi gani ni vali kuungua. Kama ni kubanwa peke yake, shimu zingetosha. Nikatoa kamshafti zote mbili. Gia inayounganisha kamshafti hizo ina gia ndogo ya springi ubavuni ya kuondoa kelele, na lazima uifunge kwa bolti ya milimita 6 kabla ya kulegeza chochote. Ukiisahau, gia inafyatuka na kuirudisha ni adhabu. Kamshafti zikishatoka, hakuna kinachozibonyeza vali, zote zinafungwa na springi zake. Nikaingiza hewa tena silinda ya tatu. Uvujaji ulishuka kutoka asilimia 62 hadi 35. Kwa hiyo kubanwa kulikuwa sehemu ya tatizo, lakini iliyobaki ilikuwa vali yenyewe. Shimu peke yake zisingeiponya.

"Kwa hiyo hedi inashuka," mzee akasema.

"Inashuka mzee."

"Na gasketi nanunua vile vile?"

"Unanunua, maana ikishafunguliwa hairudi. Ila tukiitoa nitakuonyesha."

Gasketi ilitoka nzima. Pete zake za chuma kuzunguka silinda ya pili na ya tatu zilikuwa safi, hakuna alama nyeusi ya moto kupita katikati. Rula ya chuma na fila vilionyesha hedi imenyooka ndani ya kikomo cha milimita 0.05. Kuta za silinda zilikuwa na mistari ya honi, jiwe la kusugulia silinda, inayokatana vizuri, bila mikwaruzo. Niseme wazi: kazi ya chini ya injini ile ilifanywa na mtu anayejua kazi yake, na ringi ambazo mafundi walizilaumu hazikuwa na kosa.

Vali ya eksozi iliyobanwa ilikuwa na rangi tofauti na wenzake. Uso wake, ule mkanda mwembamba unaokutana na siti, ulitakiwa uwe wa kijivu kuzunguka wote. Huu ulikuwa hivyo kwa robo tatu. Sehemu iliyobaki ilikuwa nyeusi, na katikati ya weusi huo kulikuwa na mfereji mdogo umeanza kuchimbika kuelekea ukingoni, ukiupitishia ukucha unaukwaruza. Ukingo wa vali nao ulikuwa umebaki mwembamba, umesagwa sana kuliko ilivyostahili. Siti ilikuwa na doa mahali hapo hapo lakini ilikuwa bado inasafishika.

Shimu ya vali hiyo, nilipoipima kwa maikromita, ilikuwa 2.70. Kanuni ya kutafuta shimu mpya kwa eksozi ni unene wa iliyopo, jumlisha nafasi uliyoipima, toa 0.30. Kwa vali za kuingiza unatoa 0.20. Tatizo ni kwamba nafasi ikiwa sifuri huna ulichopima. Sifuri inaweza kuwa imegusa tu, inaweza kuwa imebanwa kwa sehemu kubwa, na fila haitakwambia. Njia ni kuweka kwanza shimu nyembamba unayoijua, upate nafasi inayopimika, halafu upige hesabu kutokea hapo. Hilo nililifanya kabla hedi haijashuka, nikiwa nimerudisha kamshafti kwa muda. Niliweka 2.55, nafasi ikawa 0.13. Maana yake ile ya 2.70 ilikuwa inaibonyeza vali kwa 0.02 hata ikiwa baridi. Na hesabu ikadai shimu ya 2.38.

Shimu hiyo haipo. Toyota walizitoa za unene 16 kwa injini hii, kuanzia 2.55 hadi 3.30, kila moja ikizidi mwenzake 0.05. Vali ilikuwa imezama kupita uwezo wa shimu. Kuna wanaochukua shimu na kuisaga iwe nyembamba. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu ugumu wa chuma kile uko juujuu, na ukiuondoa kamu itakila na vumbi lake litaingia kwenye oili. Kuna wanaosaga ncha ya shina la vali, na hiyo inakubalika kidogo, mradi urefu wa vali ubaki ndani ya kikomo cha kitabu. Hapa vali ilikuwa imeungua hata hivyo, kwa hiyo jibu lilikuwa vali mpya. Vali mpya ina uso kamili ambao haujasagwa, haizami sana, na shina lake linarudi chini. Tukanunua mbili, za silinda ya tatu zote mbili, tukazilapi, yaani kuzisugua kwenye siti zake, kwa mkono na unga laini mpaka mkanda wa kijivu ukatokea mzima pande zote. Siti hatukuikata tena. Kila ukataji ungeturudisha kule kule.

Hedi ilirudi na gasketi mpya. Bolti zake ni ndefu na fupi na kila moja ina upande wake. Zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwanza kwa nyutoni mita 29, kisha nyuzi 90, kisha 90 nyingine. Wakati wa kurudisha kamshafti kuna alama za aina mbili kwenye zile gia, na wengi hunaswa hapo: moja ni ya kufungia, nyingine ni ya kuonyesha silinda ya kwanza iko juu. Unafuata ya kufungia. Ukifuata nyingine utapata injini yenye silinda nne zisizo na nguvu na utaanza kisa kingine.

Kisha ikaja kazi ya subira, ya kupima nafasi kumi na sita, kuandika kwenye karatasi, kupiga hesabu na kuhamisha. Shimu kadhaa zilipatikana humo humo ndani, maana iliyokuwa nene mno kwa vali hii ilifaa ile. Zilizobaki tulizitafuta eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kwenye hedi za injini zilizovunjwa, tukienda na maikromita mfukoni kwa sababu namba iliyoandikwa juu ya shimu iliyotumika huwa imefutika. Vali mpya ya silinda ya tatu iliishia na 2.55 na nafasi ya 0.31. Eksozi zote niliziacha upande wa kulegea, 0.30 hadi 0.34, nikijua zitajibana kidogo zikishakaa. Injini ikiwaka baridi inasikika ikigonga kwa mbali. Nilimwambia mzee asije akalipa mtu amnyamazishie.

Ilipopata moto tulipima kompresheni: 184, 181, 179, 186. Karatasi kwenye eksozi ikawa inasukumwa tu, na sailensa ikatulia.

Mzee alitaka kujua amlaumu nani, na hili nimelifikiria zaidi ya injini yenyewe, maana si mara ya kwanza kuliona. Karakana ya mashine inapokea hedi, inasaga, inakabidhi vali zikiwa zinafunga bila kuvuja. Kwao kazi imekwisha, na kwa kipimo chao imekwisha kweli. Gereji inapokea hedi iliyotoka mashine, inaiona inang'aa, inaifunga kwa kuamini kwamba waliosaga wamepima. Waliosaga hawakuwa na kamshafti, wangepima nini? Wa kupima ni anayefunga, na hapo lawama naiweka kwake bila kusita. Lakini mteja naye anaweza kujilinda kwa swali moja kabla ya kulipa: nionyeshe karatasi ya nafasi za tapeti. Kama vali zimesagwa na karatasi hiyo haipo, wala shimu hazipo kwenye risiti, kazi haijaisha. Kwa injini zenye tapeti za haidroliki swali hili halina uzito huo, ingawa nako vali iliyozama kupita kiasi inaimaliza nafasi ya tapeti kujirekebisha na matokeo yanakuwa yale yale.

Alirudi baada ya kutembea kama kilomita elfu, tukafungua kava injini ikiwa baridi. Ile ya 0.31 ilikuwa 0.28. Nyingine zilikuwa zimeshuka kwa 0.01 au 0.02, zote ndani ya kipimo. Zipo eksozi mbili, moja ya silinda ya pili na hiyo ya tatu, ambazo tayari zimekaa kwenye shimu ya 2.55 na hakuna nyembamba zaidi ya hapo. Nimemwandikia kwenye karatasi aliyoitia kwenye ile bahasha ya risiti: hedi hii ikija kufunguliwa tena, siti za vali hizo mbili zisikatwe, zing'olewe na kuwekwa mpya.